Suti ya Pili Nilidhani ni Yangu

Jumanne, Guangzhou. Mvua tangu alfajiri, na lile joto la kunata mwilini kama uji. Nimekaa Kangle, mtaa wa mafundi nguo, juu ya furushi la magauni, namsubiri laoban, bosi wa karakana, amalizie mzigo wangu. Cherehani zinalia, na mimi nina wivu.

Haya, nimeshaandika. Limetoka.

Wivu wenyewe ni juu ya Esta, mwenzangu wa biashara kutoka Mwanza. Miaka kumi na moja tunakuja China pamoja: chumba kimoja, sufuria moja, na kila asubuhi kabla ya kuingia sokoni tunashikana mikono tunaomba. Msimu huu hakuja. Yuko Norway kwa binti yake aliyeolewa huko.

Msimu uliopita aliniambia, "Mama Furaha, nitafutie suti mbili za theluji, sare. Moja yangu, nyingine kubwa."

Sare! Kwetu ukivalishwa sare na mtu, basi umeitwa kwenye shughuli. Na kati yetu wawili, mwenye mwili ni nani? Nilizunguka maduka siku nzima, kila ninakoingia naambiwa "meiyou", hakuna, mpaka nikapata mbili za zambarau. Ile kubwa niliijaribu mwenyewe. Ikanikaa.

Nilipomkabidhi alisema tu, "Mungu akubariki, mama," akafunga begi. Nikasema moyoni, huyu ananificha, anataka kunishtukiza.

Basi msimu huu, kituo cha treni pale Pazhou, ngazi za umeme nimeachia wengine. Mimi napanda za kawaida kila siku, nahema kama ng'ombe wa plau. Nafanya mazoezi ya mlima ambao hakuna aliyenialika.

Jumamosi picha za Esta zikaingia. Wametembea msituni tangu asubuhi, mizigo mgongoni. Walipofika penye theluji wakavaa miguuni zile mbao ndefu za kutelezea. Mwisho wakajaza upepo mitumbwi ya mpira, wakapiga kasia mpaka katikati ya bwawa dogo huko porini, hakuna hata nyumba moja kando yake. Binti na mumewe mtumbwi huu, Esta mtumbwi ule. Na mbele ya Esta, ndani ya ile suti kubwa ya zambarau, kakaa mama mkwe wa binti yake, Bi Solveig. Mrefu huyo! Suruali imemwishia kwenye muundi, kiunoni inapwaya. Anacheka.

Kwanza nikajifariji: bwawa lenyewe liko wapi? Mimi nimezaliwa Ziwa Victoria liko mlangoni. Halafu nikatenda dhambi. Niliomba ule mtumbwi upinduke. Wasizame, hapana. Walowe tu.

Mimi, kiongozi wa maombi.

Siku tatu sikumjibu. Leo mchana kanitumia sauti:

"Mama Furaha, mbona kimya? Umenuna au bando limekata? Mwenzio nilianguka na zile mbao mara sita, nikakaa chini nikalia kama mtoto. Huyu Solveig hajui Kiswahili, mimi chake sikijui. Kanishika mkono tu, tukaenda. Nikawaza, angekuwa Mama Furaha hapa, angenicheka kwanza ndipo aniinue! Shoga yangu, niombee, goti limevimba. Na yeye umuombee, mgongo umemkamata."

Kweli ningemcheka. Nimeisikiliza mara tatu, nikajua kinachoniuma si theluji. Miaka yote hii nilidhani mkono wa Esta ni wa kushikwa na mimi tu.

Nikamjibu haraka kabla sijabadili mawazo: "Bando ninalo. Nilikuwa nakuonea wivu. Ile suti nilidhani ni yangu."

Halafu sauti yake, ya chini: "Yesu wangu. Mwenzangu, wala sikuwaza. Nisamehe."

Nimemsamehe. Nadhani nimemsamehe.

Nimeinamisha kichwa hapahapa, laoban akadhani nimesinzia. Goti la Esta nimeliombea vizuri, kwa imani, hadi machozi yakanitoka. Nilipofika kwa mwenzake, ulimi ukagoma kabisa. Nikaishia kusema, "Na huyo mama mwingine, Bwana, wewe unamjua."

Kesho asubuhi, Mungu akiniamsha, nitajaribu kumtaja kwa jina lake.