Ng'ombe Walivyoziba Bwawa Langu

Kitengela,
Jumapili mchana.

Baba mpendwa,

Mulembe. Habari ya siku nyingi, habari ya mgongo, na Mama anaendeleaje na lile goti? Vaa miwani kwanza, maana najua utataka kuisoma hii kwa kukisia, halafu useme mwandiko wangu umeharibika. Kwa simu mimi na wewe hatuwezi kuongea. Unaniuliza kama nimekula, ninasema nimekula, basi unakata. Habari niliyo nayo leo haiwezi kuenea hapo, ndiyo sababu nimempa Nekesa wa shangazi aje nayo, na nimemwonya asikupe kabla hujaketi.

Mimi ni mzima kabisa. Nina furaha mpaka nimeharibu karatasi mbili kabla ya hii. Baba, maji yamekaa. Leo ni siku ya kumi na saba, na yamekaa palepale.

Lakini nianzie mwanzo, kwa sababu kuna jambo nilikuficha.

Unajua kwamba mimi ndiye mkuu wa bustani hapa, ile ya harusi iliyo kando ya barabara ya kwenda Namanga. Watu wanaikodisha Jumamosi, wanapigwa picha kwenye nyasi, wanakula pilau, wanaondoka. Bila nyasi hakuna picha, na bila picha hakuna harusi. Kwa hiyo kazi yangu yote ni kuleta kijani mahali ambapo kila kitu kinataka kuwa kahawia. Maji ya kisima cha mashine yana chumvi. Niliyanyunyizia waridi mwezi mmoja tu, majani yakaungua pembeni kama yamepitishwa kwenye moto. Maji matamu yanaletwa na lori, na lori linakuja siku linayotaka lenyewe.

Mwaka huu kiangazi kilirefuka, na bosi wetu, Bwana Kilonzo, akachoka. Siku moja akaja na muuzaji aliyebeba kipande cha nyasi za plastiki. Ndiyo, Baba, plastiki. Walinipa niguse. Zilikuwa za kijani kuliko nyasi yoyote niliyowahi kuona, na zilinuka kama viatu vipya. Yule muuzaji akaeleza kwamba hazinywi maji, hazikatwi, na hazihitaji mtu wa kuzitunza. Aliposema hivyo hakunitazama. Mtu huyo ni mimi.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikamwambia Bwana Kilonzo kwamba hata hapa mvua hunyesha, ila inapita kama mgeni ambaye hakupewa kiti. Paa la ukumbi ni pana kama uwanja wa shule. Uwanja wa magari wote umeinama upande mmoja. Tukiweka mifereji, maji ya paa yaingie kwenye matangi na ya uwanja yaingie kwenye bwawa, na nikiyang'oa maua yanayokunywa kama walevi nikapanda shubiri na maua ya huku yaliyozoea shida, bustani itafika mvua nyingine bila lori. Akakubali nichimbe. Mvua ya vuli ikija, bwawa likishika maji wiki mbili, nyasi za plastiki zirudi zilikotoka. Lisiposhika, zitandikwe, na mimi nifunge virago nirudi nyumbani Chwele.

Sasa, mimi na kuchimba ni mtu na ndugu yake. Mimi ni binti wa mchimba visima. Nilikupigia simu nikakuuliza niteremke kiasi gani, nawe ukanipa lile neno lako: ukiwa na shaka, ongeza futi. Nikaongeza. Tulichimba na vibarua wawili wiki tatu. Tulipita udongo mweusi unaonata kama ugali usioiva, tukafika kwenye changarawe nyekundu, kavu, na nikafurahi, kwa sababu kwetu udongo ukibadilika unajua maji yako karibu. Kuta nilizikata kwa ngazi vile ulivyonifundisha nikiwa mdogo, ngazi ya kusimama na ngazi ya kutupia udongo. Kibarua mmoja akasema shimo hilo ni zuri kuliko nyumba anayolipia kodi.

Mvua ya kwanza ilikuja saa tisa mchana. Mvua ya huku haibembelezi mtu. Uwanja wa magari ukawa mto, matangi yakajaa, bwawa likapanda hadi ngazi ya tatu, nasi tukapiga makofi kama watu wa harusi. Kesho yake maji yalikuwa ngazi ya pili. Siku ya nne niliteremka mpaka chini kwa viatu vyangu vya kanisa, na havikulowa.

Sikukwambia. Ulipiga simu siku hiyohiyo, ukauliza kama nimekula, nikasema nimekula. Najua tangu uumie mgongo unaketi hapo nje ukihesabu visima ulivyochimba, hata vya watu waliokwisha kufa, na sikutaka kukuongezea kimoja kilichokauka. Na ukweli mwingine ni kwamba nilikukasirikia, Baba. Nilisema moyoni, yeye na futi zake. Nisamehe. Nilianza kukunja nguo.

Sasa nikwambie habari za Mama Naserian. Ni jirani yetu, mama wa Kimasai wa makamo, boma lake liko nyuma ya ua wetu. Mimi na yeye tulikuwa hatuangaliani. Kiangazi kilipokaza ng'ombe wake walipita kwenye tundu la ua wakala nyasi mpaka mahali anaposimama bibi harusi, nami nikawafukuza kwa mpira wa maji. Yeye hakupiga kelele. Aliniambia polepole kwamba mtu anayewanyima ng'ombe nyasi ili awape wapiga picha ana kichwa cha kutibiwa. Tangu hapo hatukusalimiana.

Basi siku ile nikiwa chini ya shimo kavu, nikasikia mtu anacheka juu. Ni yeye, amesimama na fimbo yake. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika, kwa hiyo nikamsalimu vile wanawake wa huku wanavyosalimiwa, "Takwenya." Akaitikia "Iko," akaacha kucheka. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Bungoma.

"Ndio maana," akasema. "Kwenu maji iko chini. Huku maji iko juu. Hii mchanga nyeusi ndio sahani ya maji, na wewe umetoboa sahani."

Niliketi palepale chini. Kumbe udongo mweusi niliokuwa nautupa kama takataka ndio ungeshika maji, na changarawe niliyoifurahia ndiyo iliyoyanywa. Kwetu anayechimba zaidi ndiye anayekunywa. Huku anayechimba zaidi anabaki na shimo. Nilimuuliza sahani iliyotoboka inazibwaje. Akaniambia silanga, yaani mabwawa yao ya mifugo, huzibwa na mifugo yenyewe. Unarudisha udongo mweusi, unaulowesha, unaingiza ng'ombe wanaukanyaga mpaka unakuwa kitu kimoja.

"Na ng'ombe niko nayo," akasema. "Lakini si wewe ulifukuza?"

Kesho yake nilichukua sukari na majani ya chai nikaenda bomani kwake kuomba msamaha. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniacha niombe mpaka nikamaliza. Alikubali kwa sharti moja: kiangazi kikirudi, ndama wake wanywe maji ya bwawa. Si kundi lote, ndama tu. Nikasema ndiyo. Nilimwahidi maji ambayo hayapo, katika bwawa ambalo si langu, bila kumuuliza mwenyewe. Wewe ndiwe uliyesema mdomo wangu hufika sokoni kabla ya miguu.

Tulirudisha udongo mweusi siku nne, unene wa kufika gotini, tukatengeneza mteremko upande mmoja. Maji ya kuulowesha yalitoka kwenye matangi, yaani mvua ileile ya paa. Kisha ng'ombe wakaingia. Baba, natamani ungekuwepo! Mama Naserian mbele anapiga mluzi, mimi nyuma na fimbo, ng'ombe arobaini wanazunguka kwenye tope, mmoja ananya, mwingine analia, na Mama Naserian anasema hata mavi ni kazi, yanasaidia kuziba. Kuta ndizo zilizonitia wasiwasi, maana ng'ombe hawezi kukanyaga ukuta. Yeye alizitazama zile ngazi, akaita mbuzi. Mbuzi walipanda na kushuka, ngazi kwa ngazi, wakakanyaga kila mahali kwa kwato zao ndogo. Tulifanya hivyo siku tatu, asubuhi na jioni.

Siku ya tatu Bwana Kilonzo akatokea, amemleta bibi harusi na mama mkwe waione bustani. Walinikuta tope limefika masikioni. Mama mkwe aliziba pua. Bibi harusi alitoa simu akaanza kurekodi huku akicheka. Bosi aliniuliza hii ni nini, nikamjibu kwamba hawa ni mafundi wa bwawa. Akawageuza wageni wakaangalie viti. Nikajua kazi imekwisha.

Mvua ikarudi baada ya siku mbili. Bwawa likajaa mpaka ngazi ya nne. Nilichomeka fimbo niliyoikata alama, na kila asubuhi kabla ya chai nilikwenda kuitazama. Siku mbili za kwanza maji yalishuka upana wa kidole. Siku ya tatu yakasimama, na ya nne pia. Kuanzia siku ya tano Bwana Kilonzo alianza kupita pale na viatu vya mpira, akisema anakagua ua. Ua uko upande wa pili, Baba.

Siku ya kumi na nne alisimama kando ya fimbo yangu, akaisoma alama, akampigia yule muuzaji simu nikiwa nasikia, akamwambia asilete. Ningepaswa kushukuru ninyamaze. Lakini ahadi ni deni, na niliona nikichelewa itakuwa uongo, kwa hiyo nikamweleza habari za ndama palepale. Kichwani nikaanza kukunja nguo tena.

"Birika la kunyweshea ndama likae nje ya ua," akasema. "Na wewe Nafula, usiwahi kupeana kitu yangu tena kabla uniulize."

Alipofika kwenye gari akarudi, akaniuliza kama yule mama anaweza kwenda na ng'ombe wake kuangalia shamba la bosi la Kajiado, maana huko kuna bwawa la saruji lililopasuka. Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Ungeiona bustani sasa. Shubiri zimetoa maua mekundu, ndege wamekuja. Nyasi nimezipunguza zikabaki pale pa picha tu, kwingine nimetandaza mawe na majani makavu ili udongo usikauke. Chini kuna mipira midogo iliyotobolewa inayodondosha maji kwenye shina, tone kwa tone. Na mvua ikianza, maji ya kwanza ya paa tunayaacha yamwagike, kwa sababu yanabeba vumbi lote la Kitengela. Harusi ya yule bibi aliyenirekodi ni Jumamosi ijayo, na ameomba apigwe picha kando ya bwawa.

Krismasi nakuja na mifereji ya paa letu. Najua umesema maji ya paa ni ya kuku. Sawa, kuku watakunywa, na Mama hatateremka tena kule chemchemi na lile goti. Sitaki ubebe wala uchimbe chochote. Nataka unichagulie tu mahali pa tangi, kwa sababu hakuna anayejua maji yanavyotembea katika boma letu kuliko wewe.

Nisalimie Mama sana, na nyanya yetu Kukhu, mwambie ile blanketi aliyoniomba naikumbuka. Msalimie kaka Wafula na mkewe, na mtoto wao ambaye bado sijamshika. Msalimie pia mwalimu wa kwaya, aambiwe kwamba huku naimba sauti ya pili.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jana Mama Naserian alikuja na ndama wawili kuwaonyesha maji, ingawa bado hawana kiu. Aliketi kwenye ngazi ya juu, akaipiga kwa kiganja, akauliza ni nani aliyenifundisha kukata ukuta hivyo. Akasema angekuta kuta zimenyooka, mbuzi wake wasingepata pa kukanyaga, na bwawa lingevuja mpaka leo. Nikamwambia ni baba yangu, alichimba visima, siku hizi mgongo umemkataza. Akanituma kwako, nami nakuandikia vile vile alivyosema: "Ambia huyo mzee, chini ni ya ng'ombe yangu. Lakini ukuta ni yake."

Basi kiongeze kwenye hesabu ya visima vyako, Baba. Hiki hakijakauka.

Ni mimi mtoto wako uliyempa jina la mvua,
Nafula