Neno Hayati na Simu ya Maskati

Mtaa wa Mangesani,
Bagamoyo.
14 Mei 2025

Mpendwa Kaka Abdulnasir,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama yako Shangazi Hajra na mwanao Twalha, na lile goti lako liwe limepoa. Sisi hapa alhamdulillahi, tunakula na kulala, ingawa kwangu mimi kulala kumebaki jina tu. Bibi Zuwena anakohoa kidogo lakini mdomo wake mzima kabisa. Anasema umletee udi wa kweli, si ule wa mwaka juzi ulionuka mpira.

Utashangaa kuona karatasi. Wahida dada yangu ana mazoea ya kushika simu yangu na kusoma kila kitu, na hili sitaki alisome. Jirani yetu Kibwana anapanda ndege kesho kuja huko Maskati, kwa hiyo nimempa mkononi.

Habari njema kwanza. Wahida ameposwa. Mchumba ni Abuu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Zinga, mtu mpole, anacheka hata pasipo na la kuchekesha. Nikaha ni Ijumaa ya wiki ijayo. Tangu meli ya mumewe, shemeji Kitwana, ipotee baharini, tukamsomea hitima bila mwili na dada akakaa eda, sijamwona na uso huu. Ameanza tena kuimba akikuna nazi.

Kitwana hukumzoea, basi nikukumbushe. Ndiye yule aliyekuwa akiingia nyumbani huku anaitikia "Marahaba!" kabla hujafungua mdomo kumwamkia, ili uone haya kwamba umechelewa. Tulishindana naye miaka nenda rudi. Sikuwahi kumtangulia hata siku moja.

Sasa kazi yetu ya programu ya chama cha kuzikana. Ile skima ya XML uliyoniandikia, ramani ya kupanga watu kwenye faili, ni nzuri, sikupaki mafuta. Umeweka aina moja ya mzazi, Mtu, yenye jina na ukoo. Halafu watoto wake wawili wanaorithi vyote vya mzazi: Marehemu, anayeongeza mahali alipozikwa, na Hayati, anayeongeza namba ya simu. Mimi nikajua Hayati ni wale wafu wetu wenye heshima, kama wanavyosema redioni, na simu ni ya wafiwa, ya kupelekea rambirambi.

Java yangu, lugha ninayoandikia programu, ndiyo ilinitesa. Ikisoma faili lako ilimjenga kila mtu kuwa Mtu mtupu. Watoto wa Mtu haikuwatambua, basi kila walichoongeza ikakitupa, na wala haikulalamika. Wakatoka majina matupu, hawana kaburi, hawana simu, si wazima si wafu. Nilishinda nao kwenye kioo cha kompyuta kutwa nzima, kaka, na nakuapia nilihisi wananitazama wao.

Jumatatu nikapata dawa. Juu ya Mtu nikaandika majina ya wanawe, ili Java ikikuta alama ya aina kwenye faili ijue ni mtoto yupi wa kumjenga. Ikakubali! Nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu. Kisha nikaiagiza itoe majina ya kuombewa dua, Marehemu na Hayati wote. Wakatoka watu wa Maskati chungu nzima, na katikati yao wewe. Hayati Abdulnasir.

Nililia, kaka. Ulikuwa umenyamaza muda, na faili la mwisho alilituma Twalha bila hata salamu. Nikasema basi, kaka kaondoka, na mtoto kashindwa kututamkia. Nimeshajitanda kanga, natafuta viatu nikampe Bibi habari, ujumbe wako wa sauti ukaingia: "Mardhiya, mbona kimya, programu imekumeza?" Nikatoka pekupeku kwenda kumsimulia Bibi.

Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Akasema nyinyi mliolelewa huko mmebaki na neno la zamani. Mtu akiwa hayati yu mzima, ana uhai wake, ila sisi huku tumelipeleka makaburini. "Mimi hapa hayati," akasema, "na chai yangu iko wapi?" Halafu akaacha kucheka, akaniuliza ni nani mwingine yumo humo.

Nikarudi kwenye kompyuta. Shemeji Kitwana yumo. Hayati, na namba ya simu ya huko kwenu.

Nikajipa moyo kwamba labda kwake yeye ulilitumia neno kama tulitumiavyo sisi. Lakini wafiwa wake ni sisi huku, simu ya huko ya nini? Nikapiga. Mchana kweupe, watoto wa madrasa wanapiga kelele nje. Ikaita, ikapokelewa. Sikusema neno, wallahi sikusema, nilikuwa navuta pumzi tu. Sauti ya mwanamume ikasema, "Marahaba." Ikakatika. Tangu hapo nikipiga haipatikani.

Wahida sijamwambia. Yuko chumba cha pili anajaribu gauni, namsikia akiimba. Kama Kitwana yu mzima, nikaha hii haipo, na dada yangu ataolewa mumewe angali hai. Kama kafa, basi nani aliyeniitikia? Naogopa yote mawili, kaka, naogopa kweli.

Niambie namba hiyo kakupa nani, na kama umemwona mtu mwenyewe kwa macho yako. Jibu litume kwenye simu ya Bibi kabla ya Ijumaa ya nikaha, Wahida haigusi ile. Litume kwa maandishi, sauti za Maskati sizitaki kwa sasa. Na tafadhali usiniandikie hayati. Niandikie anapumua, au hapumui.

Nisalimie sana Shangazi Hajra, umbusu mkono kwa niaba yangu. Twalha mwambie salamu hazina ushuru. Bibi Zuwena anawaombea heri, nami namwomba Mola awafunike kwa rehema yake na atuonyeshe haki tungali na nafasi ya kuifuata.

Na kama shemeji Kitwana yuko huko, mfikishie shikamoo yangu. Ameshaiitikia.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Mardhiya