Safari ya Kumleta Philip

Shamba la kahawa, Ruiru
Julai 1954

Dada yangu mpendwa Aoko,

Pokea salamu zangu na za mke wangu. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwezi huu inaingia hadi kwenye mifupa. Je, mgongo wako umepata nafuu? Na kifua cha Baba? Nimesikia hagusi tena ugali, anakunywa uji tu na kuuliza Philip atakuja lini. Nimemwomba Boaz, jirani yetu anayekuja likizo, akukabidhi barua hii wewe mwenyewe. Isome ukiwa peke yako.

Kama ulivyoniagiza, nilikwenda Nairobi kumleta mdogo wetu, ili Baba amwone kabla hajafumba macho. Mzungu mwenye shamba alinung'unika weee, mwisho akanipa ruhusa. Nilipanda gari la moshi asubuhi nimevaa koti la kanisani, nikijua jioni nitarudi na Philip.

Dada, mji ule sijui nikueleze vipi. Watu ni wengi kama siafu na hakuna anayekusalimu. Nilimwamkia mzee mmoja nje ya stesheni, akashika mfuko wake kwa nguvu, akaongeza mwendo. Majumba ni ya mawe, yamepanda juu, na juu kabisa kuna madirisha ambayo sijui ni nani huyafuta. Baiskeli zinakupigia kengele kana kwamba wewe ndiye umekosea kuzaliwa. Nilivuka barabara moja, nikaona si upande niliotaka, nikarudi, kumbe wa kwanza ndio uliokuwa sawa. Ungekuwapo ungenicheka hadi ukae chini. Hata mimi nilijicheka.

Kicheko kilikwisha nilipofika Bahati, anakokaa Philip. Alikuwa amepanga chumba na Muigai, yule Mkikuyu aliyelelewa pamoja naye huku shambani hadi Philip akawa anaongea Kikikuyu kama wao. Nilibisha hodi, akajibu mwanamke nisiyemjua, bila kufungua. Akasema yeye hawafahamu hao waliokuwepo kabla yake, na niende zangu kabla askari hawajaniona.

Aliyenikaribisha ni jirani, Mkamba aitwaye Munyao, mshona viatu. Alinipa chai, kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Mwezi wa nne askari waliuzunguka mji kuwasaka Wakikuyu, kwa sababu ya Mau Mau. Watu wote walitolewa vyumbani wakachuchumalishwa kwenye mistari. Muigai akachukuliwa. Philip akasema yeye ni Mjaluo, akatoa kipande chake chenye jina na kabila. Wakamwambia siku hizi Wakikuyu wananunua vipande vya watu. Akawasemesha Kijaluo, lakini hakuna aliyekijua pale. Ndipo askari mmoja akamwamuru afungue mdomo. Munyao anasema Philip aliufungua bila wasiwasi wowote, na meno yake ya chini yalikuwepo yote. Wakamsukuma ndani ya lori.

Mimi na wewe, Aoko, tuling'olewa yetu sita ya chini kwa chuma, kama kila mtoto wa Kijaluo wa rika letu. Philip alipofikia umri huo Baba alikuwa ameshabatizwa, akakataa katakata mwanawe aguswe. Mimi nilisimamishwa njiani kila mahali, na kila nilipofungua mdomo waliniacha nipite. Pengo hili lilinitia aibu mbele ya wasichana wa hapa miaka yote, na leo ndilo limenirudisha nyumbani.

Nilizungushwa ofisi hii na ile. Mwishowe karani mmoja akaniambia nikae kwanza, nami nikajua. Philip alikufa kambini walikomfungia, mwezi uliopita, kwa homa ya matumbo. Walimzika huko na wenzake, kaburi halina jina. Niliomba mwili, nikakataliwa. Niliomba hata kuonyeshwa mahali, nikakataliwa. Nimelia ndani ya gari la moshi mbele za watu, mtu mzima na koti langu, na hakuna aliyeniuliza nina nini. Sioni lingine la kufanya, dada. Limekwisha.

Mwambie Baba ni homa. Huo si uongo. Habari ya meno usimwambie, wala usimwambie mtu yeyote wa kanisani, maana itamfikia. Unajua anavyopenda kuwasimulia wageni jinsi alivyosimama mlangoni, akamficha Philip nyuma yake na kumfukuza mzee wa kung'oa meno. Akianza kusimulia tena, hata kama ni siku ya matanga, tafadhali usitoke nje. Kaa umsikilize mpaka amalize, kwa sababu mimi sitaweza.

Wasalimu watoto, na Mungu akushike mkono siku utakayomweleza.

Ni mimi ndugu yako,
Odhiambo