Baba Alipopelekwa kwa Mwanga

Maili Moja, Kibaha,
8 Juni 2025.

Mpendwa Kaka Abeid,

Shikamoo. Natumaini wewe na familia hamjambo, na baridi ya Makambako haijawafungia ndani. Huku tu wazima. Hata Baba, ambaye ndiye sababu ya barua hii, jana alimaliza ugali wake akauliza kama Mama ameshiba.

Alipokuja kwangu kutoka Vihingo, nilimwona haishi kwenda chooni. Alipopimwa damu, tukaambiwa huenda ana saratani ya tezi dume. Mama akashindwa kula. Baba akasema ni baridi ya sakafu yangu ya vigae.

Tukapewa rufaa ya hospitali ya Dar, na huko tulipokelewa na Daktari Atupele, dada mpole. Alitueleza kwamba watachukua vinyama vya tezi kwa sindano na kuvitazama kwa darubini. Zaidi ya hapo, wanafanyia majaribio kipimo kipya: wanavimulika, na mashine inasoma rangi za mwanga unaorudi, maana nyama yenye saratani hairudishi mwanga sawa na nyama nzima. Hata ukali wa ugonjwa huonekana.

Baba alishika neno moja tu.

"Mwanga? Nimewakimbia wanga wa kijijini, leo mwanangu unanileta kwa mwanga msomi?"

"Mzee, ni mwanga wa taa tu," daktari akambembeleza.

"Hata wa kwetu huwaka!"

Akatoka mbio na lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Kaka, benchi zima liliinamisha vichwa. Nikamfukuza na kanga nimsitiri, lakini Mama alimwahi mlangoni.

"Shomari! Nimekuvumilia mengi, ila ujane sitauvumilia. Rudi!"

Akarudi.

Majibu tuliyasubiri roho mkononi. Darubini na mwanga vikasema mamoja: saratani ipo, ila ya daraja la chini, na haijatoka nje ya tezi. Hapasuliwi kwa sasa. Atafuatiliwa kwa vipimo. Mama alilia kwa furaha. Baba akamwombea daktari apate mume mwenye adabu, naye akajibu kwamba anaye tayari, na hana adabu.

Sasa zamu yako. Daktari amesema watoto wa kiume wa mgonjwa wawahi kupimwa. Nilipomwambia Baba kwamba utasingizia kazi, alikwenda stendi. Amekata tiketi moja ya kuja kwako na mbili za kurudi.

Wifi Naila na watoto nawasalimu sana. Husseini wangu naye anawasalimu. Mola awazidishie afya.

Mdogo wako akupendaye mno,
Fadhila