Mkono Napewa Mimi, Bosi ni Yeye

Mpendwa mshauri, pole kwa mizigo yetu unayobebeshwa, naomba na wangu uupokee. Mimi ni kijana msanifu majengo, ngozi yangu nyeupe, ndiyo maana ofisini wananitania Chaki, na bosi wangu ni mama mweusi aliyenichukua nikiwa sijui hata kuchora ngazi ikapandika, akanifundisha kwa ukali na kwa upendo, naye ameajiri watu wa kila rangi kwa sababu anasema, "Tukiwa wote tumelelewa nyumba ya namna moja, tutachora nyumba ya namna moja," na ni kweli, maana nilipochora ukumbi wa kusubiria wa zahanati nikampa kila mgonjwa kiti cha msindikizaji mmoja tu, mwenzangu aliyekulia kwenye familia kubwa alicheka akaniuliza, "Na shangazi zake wakae wapi?" tukaupanua, na leo unajaa. Nawashukuru watu hawa kuliko ninavyoweza kusema. Shida ni wateja, tukiingia mkutanoni mkono wa kwanza napewa mimi, maswali naulizwa mimi, yeye anaombwa maji ya kunywa, na akitoka hucheka tu, "Acha, Chaki, tumefuata kazi." Sasa mwenye zahanati anataka jengo la pili, kanipigia simu akasema, "Njoo peke yako, yule mama mwache, kazi nikupe wewe," nami nikajibu nitafikiria, na tangu hapo nashindwa kumtazama bosi usoni, nikimwambia nitamuumiza, nikikataa tutakosa kazi ambayo ofisi nzima inaitegemea, nifanye nini?

*Chaki, Msanifu*

Chaki, barua yako imenifurahisha, maana wengi huniandikia kuwasema mabosi wao. Lakini hiyo "nitafikiria" ilikuwa ya nini? Umeambiwa umtupe mwalimu wako, nawe ukaomba muda. Shukrani ya punda ni mateke. Wewe usiwe punda.

Tena usijidanganye kwamba umesifiwa. Huyo mteja ameona rangi yako, kazi yako hajaitazama. Ukienda peke yako utamchorea tena ukumbi usio na pa kukaa shangazi.

Unaogopa kumuumiza bosi. Mwanangu, mama huyo anaombwa maji mikutanoni tangu wewe hujui kushika rula. Kwamba ubaguzi upo anajua. Asichojua ni kama uko upande wake.

Basi mwambie kesho, kabla hamjaanza kazi. Kisha mpigie mteja mbele yake: "Tunakuja na bosi wetu, au hatuji." Mlangoni atangulie yeye, wewe beba michoro kwa mikono miwili. Ukiulizwa swali, mgeukie yeye ajibu. Maji yakiombwa, kayalete wewe.

Kazi huenda mkaikosa, sikufichi. Mtatafuta nyingine, na mtaitafuta pamoja.

Mwisho, mshukuru kwa mdomo wako. Mimi sijakufundisha kuchora hata mlango, nawe umeniandikia yote hayo. Yeye bado hajayasikia.