Kocha Msaidizi wa Wapinzani Wenu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Buffalo tuko salama, ni theluji tu haitaki kuondoka. Shangazi yako wa Louisville amejifungua mtoto wa kike, mpigie simu.

Uliniuliza kwa nini wenzako hapo chuoni Columbus, mpira ukiisha, hukaa kumsema kocha msaidizi wa wapinzani, wakamwacha kocha mkuu. Bon, haya, hilo nalijua. Kule kwetu milimani, nikiwa msichana, kwaya yetu ilishindana na kwaya ya kilima cha pili. Msaidizi wa mwalimu wao aliitwa Yona. Wiki nzima tulimsema: anaringa, anarusha mikono kama anafukuza ndege shambani, anavuta mno mwisho wa wimbo.

Jumapili wakaja kanisani kwetu kama wageni, nasi tukaimba. Tulipofika mwisho tukauvuta wimbo sote pamoja, bila mwalimu wetu kutuagiza. Nikamtazama Yona kwenye benchi la wageni. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, unapanda taratibu. Alipokunja ngumi, nasi tukaukata wimbo.

Wenzako wakimsema tena, waulize kwa upole kocha wao ni yupi.

Bibi yako