Nyuzi Sita za Baba

Jumanne, 3 Agosti 1965

Wiki moja tangu tumzike Baba. Leo dukani kwetu hapa Kosele wateja hawakununua kitu, walisifu tu. Osoro mpiga gitaa! Osoro aliyewaliza wachimba dhahabu wa Macalder! Eti alirudi kutoka vita vya Burma na bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, akauimba kwa Kiswahili mpaka ukaingia kwenye santuri. Mzee mmoja Mjaluo akaniambia, nyathina, yaani mwanangu, una bahati kuwa na baba kama huyo. Nikainama, nikaendelea kupima sukari.

Bahati! Miaka sita alilala kwa Gesare, mke mdogo, hatua hamsini kutoka mlango wetu, na hakuja hata kuniuliza kama nimepita mtihani. Namchukia. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimefanya jambo. Gesare alienda mtoni, mtoto mgongoni. Nikaingia kwake. Gitaa limetundikwa ukutani kama picha ya mfalme. Nikalegeza nyuzi zote sita — zote! — mpaka zikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Baba hakukaza nyuzi kama wapigaji wengine. Akitaka kutuni, yaani kupatanisha sauti za nyuzi, anawapa watu mgongo wasimwibie mtindo wake. Mimi nilikuwa naketi upande wa ukuta, mdogo, hakuna aliyenihesabu. Niliona kila kitu. Kwa hivyo najua nilichoharibu.

Sijuti. Kidogo tu.

Jumamosi, 7 Agosti

Sabato. Baba mdogo Ombati aliomba kanisani nusu saa nzima. Miaka yote aliliita gitaa la Baba kelele za shetani. Leo ni kipaji cha Bwana! Nilitaka kucheka. Nikakohoa.

Jumapili, 8 Agosti

Siku ya kugawa vitu vya marehemu. Wazee walitaka Magige, mwanafunzi wa Baba kutoka Ukuria, apige wimbo mmoja kwanza. Akashika gitaa. Nyuzi zimelala. Akazikaza anavyojua yeye, akapiga. Watu wakaguna: hiyo si sauti ya Osoro. Akajaribu tena.

"Redio imeshikwa na mafua!" kijana mmoja akapiga kelele.

Magige akaona aibu, akamgeukia Gesare: gitaa lilikuwa kwako, dada, nani alilishika? Gesare akaapa hajui. Baba mdogo akaruka kutoka kitini: "Mwanamke, umeua sauti ya ndugu yangu ili sisi tusiirithi!"

Wakaamua. Asipoeleza kufikia kesho, arudi kwao na mtoto wake. Nyumba na shamba lake apewe Mama. Gesare hakulia. Alinitazama — au labda alitazama tu upande wangu. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mdomo wangu haujui kusema mbele za watu. Haujawahi.

Jumatatu, 9 Agosti

Wazee wameshaketi uani. Gesare amefunga mzigo wake, mtoto anagonga kifuniko cha sufuria. Yule mtoto ana masikio ya Baba. Jana sikutaka kuona.

Gitaa lililetwa kwetu, eti hapa ni salama. Kwetu! Nimejifungia nalo chumbani. Nimekaza uzi wa kwanza, wa pili, polepole, nikisikiliza. Wa tano ulipokaa sawa nikazipitishia kidole, mara moja tu — na Baba akawa humu ndani. Nililia kama mjinga. Nikaamua: natoka nalo nje, nasema ni mimi.

Mama akagonga. Nikafungua, gitaa mkononi. Hakushangaa. Akasema aliniona Alhamisi nikitoka kwa yule. Nikangoja kofi. Badala yake akanifuta machozi kwa leso yake. Hajanigusa hivyo tangu nikiwa darasa la tatu.

"Zilegeze tena, Kemuma," akasema. "Zilegeze, mwanangu."

Amewapelekea wazee chai. Akirudi anataka akute zimelegea. Nasikia vikombe, nasikia baba mdogo akiuliza Gesare yuko wapi. Nyuzi tano zimekaa sawa. Wa sita nimeushika, na sijui niuzungushe upande gani.